Amina ya Kiti cha Nyuma

Jua lilikuwa limeinamia mashamba ya mananasi nyuma ya mji wa Thika nilipofika kwa Mbaluka kukagua gari ambalo mkwe wangu alitaka kulinunua. Ulikuwa mwezi wa Novemba, mwaka wa tisini na saba, wakati mvua ya Elinino ilikuwa imesahau njia ya kurudi kwao. Nilikwenda na miwani yangu, tochi, na kijitabu cha kuandikia. Hofu sikwenda nayo. Mtu aliyeendesha gari la kanisa miaka kumi na tisa, kisha akaitwa kulihubiri Neno, hudhani kwamba anayajua magari na anayajua mapepo, na kwamba viwili hivyo havikutani.

Nilikuwa nimekosea.

Binti yangu wa pekee, Ngina, aliolewa na Mwalimu Kitheka, nao waliishi Murera, mahali ambapo udongo mweusi ukilowa humeza hata gurudumu la punda. Miaka miwili kabla ya mwaka huo, uchungu ulimshika Ngina usiku wa mvua. Walimbeba kwa mkokoteni kutafuta barabara ya lami. Mtoto alizaliwa njiani, akavuta pumzi tatu, na Aliyempa akamchukua. Sasa Ngina alikuwa na mimba ya miezi minane tena. Kitheka alikuwa ameapa kwamba mkewe hatapanda mkokoteni mara ya pili, naye aliniomba mimi, kwa kuwa ninajua magari, nichunguze hilo alilolipata kabla hajalilipia.

Lilikuwa Pijo la zamani, la zile namba za usajili za kabla ya KAA, refu la mgongo, limepakwa rangi ya buluu. Bei yake ilikuwa ndogo kiasi cha kumtia mtu shaka. Mbaluka alikuwa kapera wa makamo aliyeuza vipuri, mtu asiyekutazama machoni. Nilimuuliza kwa nini analiuza. Akasema hana familia ya kubeba. Kisha akaniuliza kama nyumbani kwangu kuna watoto wadogo. Nikamjibu kwamba wangu ni mmoja, na amekwisha kuolewa.

"Basi haitakusumbua," alisema. "Kaa nayo hata wiki, Mwinjilisti. Mimi sina haraka."

Alinipa ufunguo pamoja na kile kitabu cha usajili kinachoonyesha wote waliowahi kulimiliki gari. Nilikuwa bado sijawasha injini alipofunga lango lake kwa kufuli.

Nililipeleka kwa fundi Swaleh, kule Majengo. Swaleh na mimi tulifahamiana tangu siku za gari la kanisa. Yeye ni mtu wa msikiti na mimi ni mtu wa madhabahu, na kwa miaka mingi tumekuwa tukitaniana kuhusu jambo hilo bila kuumizana.

"Wewe ombea, mimi nipige jeki," aliniambia akijilaza chini ya gari. "Tuone nani ataona ya chini kwanza."

Alikagua kila kitu. Alilinganisha namba iliyochongwa kwenye chuma na ile ya kitabuni, zilikuwa moja. Aligonga milango kwa kifundo cha kidole akisikiliza kama imewahi kubondwa. Alinusa mafuta, akayaonja kwa ncha ya ulimi kama mpishi. Injini ilinguruma kwa unyenyekevu. Nilikuwa tayari nimeanza kumshukuru Mungu moyoni, hadi Swaleh alipoingia nyuma akakawia kutoka.

Nilichungulia. Alikuwa amepiga magoti mbele ya kiti cha nyuma, upande wa kushoto, akipapasa chini ya mto wa kiti. Hapo palikuwa na mshono mrefu kama shubiri mbili, wa uzi mwekundu, ulioshonwa kwa mkono wa mtu asiyejua kushona. Kwingineko kote kiti kilikuwa kama kilivyotoka kiwandani.

"Unasikia harufu, Mzee?" aliuliza.

Niliisikia. Ilikuwa harufu ya sweta ya shule iliyolowa. Sufu, chaki na jasho la mtoto. Swaleh alibonyeza zulia la gari kwa kiganja, hapa na pale, akitafuta maji.

Palikuwa pakavu.

Nilimwambia afungue mshono ule. Akatoka nje, akajipangusa mikono kwa tambara muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Akaniambia kwamba yeye hufungua vilivyofungwa na kiwanda, na vilivyofungwa na watu huwaachia wenyewe. Chuma kile hakina kosa, akasema. Kama ninataka kujua zaidi, niwatafute waliokaa nacho.

Adhana ya magharibi ilianza kusikika. Swaleh akaenda kutawadha. Mimi niliketi kwenye usukani, na kama ilivyo desturi yangu tangu ujana, niliinamisha kichwa niiombee safari kabla ya kugusa ufunguo. Sala yenyewe ilikuwa fupi. Nikaikamilisha.

"Amina," nilisema.

"Amina," ikasema sauti nyuma yangu.

Ndogo. Nyembamba. Sauti ya mtoto aliyefundishwa kuitikia vizuri.

Nilitazama kwenye kioo. Kiti kilikuwa kitupu. Lakini springi zake zilitoa mlio… kwiii… kama wakati mtu anapojiweka sawa baada ya kukaa muda mrefu. Nilijiambia kwamba ni sauti ya adhana iliyorudishwa na mabati. Sisi wahubiri tuna ujuzi wa kuwaambia wengine ukweli.

*

Kitabu cha gari kilikuwa na majina matatu. La mwisho lilikuwa la Mbaluka. La katikati lilikuwa la mwanamke wa Juja aitwaye Jentrix. La kwanza lilikuwa limeingiwa na maji, wino ukatawanyika. Ilisomeka Ndung'u tu, na chini yake Mwihoko. Nami nimewajua akina Ndung'u wengi maishani mwangu. Jina lile halikuniambia neno.

Kesho yake nilikwenda Juja. Jentrix alikuwa na duka la mayai na mkate karibu na nyumba za wanafunzi wa chuo kikuu, na juu ya mlango alikuwa ameandika mstari wa zaburi. Nilipomtajia Pijo alifunga kitabu cha nyimbo alichokuwa akisoma, akanivutia kigoda. Alisema kwamba hakudhulumiwa na gari lile kwa lolote. Lilimbebea mizigo, halikuharibika, na biashara ilinawiri kiasi cha kumwogofya. Tatizo lilikuwa sala. Kila alipoomba ndani yake, mtu aliitikia. Basi akaacha kuomba ndani ya gari, nalo likatulia.

"Lakini nikajiuliza," alisema kwa sauti ya chini, "gari inayoninyima kuomba, inanipeleka wapi?"

Hilo peke yake lingetosha kuliuza, lakini siyo lililomfanya aliuze. Alikuwa na mtoto mmoja wakati huo, msichana wa miaka sita. Mtoto yule alianza kukaa upande wa kulia wa kiti cha nyuma na kukataa kabisa upande wa kushoto, akisema pana mwenyewe. Walicheka. Baadaye akaanza kuzungumza na huyo mwenyewe. Kisha homa ikampanda, homa ambayo madaktari hawakuipatia jina, na katika homa ile mtoto alirudia neno moja usiku na mchana.

"Neno gani, mama?"

Jentrix aliutazama mlango kwanza.

"Alisema: anataka tubadilishane. Mimi nikae pale, yeye ashuke."

Aliliuza gari juma lile lile, kwa mtu asiye na mtoto, kwa bei ya kutupa. Homa ikashuka siku hiyo hiyo kabla ya jioni. Alimwambia Mbaluka kila kitu, na Mbaluka alikubali, kwa sababu hakuwa na wa kubadilishwa.

Nilirudi kwenye gari. Nilikumbuka kwamba imeandikwa habari za mtu aliyejenga upya mji uliolaaniwa, akaweka msingi wake juu ya mzaliwa wake wa kwanza. Nilikumbuka na yule aliyefukia vazi la haramu chini ya hema lake, na taifa zima likashindwa vita. Nikajiuliza ni nani aliyeweka msingi huu, na ni vazi gani lililofukiwa. Laiti ningejiuliza pia ni nani aliyeushika mwiko wa mwashi.

*

Nilifika Mwihoko saa kumi na moja jioni. Nyumba zilibanana, bati juu ya bati, moshi wa mkaa ukitambaa chini kwa uzito wa mvua. Nilielekezwa kwenye chumba kimoja mwishoni mwa ploti, kwa mwanamke mwembamba aitwaye Ngendo, mke wa yule Ndung'u, aliyekuwa akichambua mboga mlangoni. Sikuwahi kufungua kinywa. Aliinua macho, kisu kikasimama.

"Umekuja, Mwinjilisti," alisema. "Nilidhani utakuja mapema zaidi."

Sikumjua. Nilimwambia hivyo kwa aibu. Alinikaribisha ndani, akanipa chai, na wakati nikiinywa alilichungulia gari kupitia dirishani. Akauliza kama bado ni jeupe. Nikasema ni la buluu. Akatikisa kichwa, akasema hapana, chini ya buluu hiyo ni jeupe. Kwa nini sikukwangua?

Na hapo… nikakumbuka.

Ilikuwa Jumapili ya mwaka wa themanini na sita, katika kanisa letu la Ruiru. Mtu mmoja mnene alileta Pijo jeupe, jipya, akaomba liombewe baada ya ibada. Ni desturi yetu. Mtu akinunua gari hulileta uani mwa kanisa, waumini wakalizunguka, mtumishi akaweka mikono juu ya boneti. Kwa miaka ile nilikuwa nimebariki magari mengi kuliko watoto. Mtu huyo aliniomba jambo moja dogo. Alitaka niseme katika sala kwamba gari hili ni la mwanawe, Mwas, na kwamba Mwas ni wa gari hili. Nililiona ni pendo la baba. Wangapi huandika majina ya watoto wao kwenye maduka na magari? Mvulana mwenyewe alikuwa ameketi kiti cha nyuma, upande wa kushoto, amevaa sweta ya kijani ya shule siku ya Jumapili, kwa fahari ya kuanza darasa la kwanza. Niliweka mikono. Niliyasema maneno kama nilivyopewa, neno kwa neno, kwa sauti kuu. Nilipomaliza, mvulana aliitikia kabla ya kanisa zima.

Amina!

Watu walicheka kwa furaha. Mimi pia.

Ngendo alinisimulia yaliyobaki bila kulia, kama mtu anayesoma barua ya zamani. Mumewe alikuwa amekwenda kwa mtu fulani, ambaye jina lake halitaandikwa na mkono wangu, kutafuta utajiri. Aliambiwa gari litamletea magari mengine iwapo litapata mwenyewe, mwenyewe asiyekua. Na kwamba kukabidhi huko hakutashika kukisemwa na mchawi. Lazima kusemwe mahali patakatifu, na kinywa safi kisichojua kinachosema.

Alinitazama kwa huruma. Ningependelea anilaani.

"Kinywa hicho kilikuwa chako, Mwinjilisti."

Miezi minne baada ya Jumapili ile, asubuhi kavu isiyo na wingu, walimkuta Mwas kwenye kiti cha nyuma cha gari lililofungwa uani. Walidhani amelala. Nywele zake zilikuwa zinatiririka maji. Sweta hakuwa nayo. Mama yake aliitafuta ili amzike nayo, akaikosa. Ndung'u alipata gari la pili mwaka ule, na la tatu mwaka uliofuata. Kisha siku moja, mtu mwenye magari matatu alitoka nyumbani kwa miguu, akifuata reli, na hajaonekana tena.

Nilimuuliza Ngendo kwa nini hakuja kanisani kunieleza. Alirudi kwenye mboga zake.

"Ungeniamini," alisema, "au ungeniombea tu?"

*

Niliamua kulirudisha gari Thika jioni hiyo hiyo, lakini kwanza nipitie Murera nimkataze Kitheka. Mvua ilianza nilipoacha lami. Sikuomba. Nilishika usukani kwa mikono miwili na midomo nikaibana, na katika ukimya ule nilizisikia springi zikilia kwa kila shimo, kwiii, kwiii, kwa uzito wa mtu mmoja mdogo.

Nilipofika, walikuwa wanafunga punda kwenye mkokoteni.

Uchungu ulikuwa umemshika Ngina mwezi mzima kabla ya wakati. Gari la maziwa la jirani lilikuwa limezama kwenye matope tangu adhuhuri. Kitheka aliponiona alikimbia kwenye mvua bila viatu, akaushika mlango wa Pijo kama aliyeiona safina.

"Mungu amekuleta, Baba."

Ndugu msomaji, nimesimama mimbarani miaka mingi nikiwaambia watu wachague leo. Sikuwahi kujua uzito wa neno hilo. Upande huu mkokoteni, ambao nilikwisha kuona unachozaa. Upande ule kile kiti. Ngina alilia ndani ya nyumba, kilio cha chini, cha mtu anayejizuia asiwatishe wengine… nami nikafungua mlango wa nyuma. Wa kulia.

Kitheka alimpandisha mkewe kwanza, miguu mbele, kisha akaketi na kumlaza kichwa mapajani mwake. Nikaondoka. Majirani walisukuma, wakatupa magunia chini ya magurudumu, na gari lile lilipanda matope kama linajua njia. Taa zilimulika mvua tu. Harufu ya sufu mbichi ilijaa hadi kwenye koo.

"Nyoosha miguu, Ngina," nilimsikia Kitheka akisema. "Mbona umejikunja?"

"Siwezi."

"Nafasi ipo."

"Haipo," alisema binti yangu. "Kuna mtu."

Niliongeza mwendo. Kitheka alidhani ni maumivu yanayosema. Naye akafanya ambalo mume yeyote mcha Mungu angefanya. Alianza kuomba kwa sauti. Mimi, Mwinjilisti, niliyewafundisha wote wawili kupiga magoti, niligeuka nikamfokea aache kuomba. Alinitazama kwa mshangao wa mtu aliyemwona mchungaji wake akikana imani. Lakini alikuwa amekwisha kufika mwisho.

"Amina," alisema.

"Amina."

Safari hii Kitheka aliisikia. Nilimwona kwenye kioo akigeuza uso polepole kuelekea miguu ya mkewe, kisha akayafumba macho.

Ngina alianza kunong'ona, si kwa sauti yake kamili, kama mtoto anayerudia anachoambiwa sikioni.

"Baba… anasema amechoka kukaa. Anasema huyu wangu akae hapa… yeye ashuke."

Nilikanyaga breki.

Tulikuwa kwenye daraja dogo la mwisho kabla ya lami, maji ya kijito yakipiga mawe chini yetu. Niliacha injini ikinguruma. Nilitoka, nikazunguka, nikaufungua mlango wa nyuma wa kushoto, nikapiga magoti kwenye matope mbele ya mahali ambapo macho yangu hayakuona kitu, ila miguu ya binti yangu iliyokunjwa ikimpisha mtu.

Nilitubu kwa sauti. Nilimwambia: Mwas wa Ngendo, mimi ndiye niliyekukabidhi. Nilisema nisiyoyajua, nikawekea mikono nisichokichunguza, na nikacheka ulipoitikia. Maneno yale niliyatoa mimi, na leo ninayarudisha kinywani mwangu, hata kama ni nyongo. Gari hili si lako. Wewe si wa gari hili. Wewe ni wa Yule aliyewaita watoto waje kwake, na ole wangu mimi niliyekuzuia.

Hakuna kilichojibu. Ngina alipiga ukelele, na Kitheka akasema kwa kukata tamaa kwamba mtoto anakuja, Baba, twende, twende.

Hapo nilisema jambo ambalo hadi leo sijui kama lilikuwa sala au dhambi. Ninajua kwamba Bwana wetu alikwisha kusimama mahali petu sote, na kwamba hakuna kiti kinachohitaji mwingine. Lakini nilikuwa nikizungumza na mtoto aliyechoka, na mtoto huelewa zamu.

"Shuka," nilimnong'oneza. "Mahali pako nitakaa mimi."

Mvua ilipiga paa la gari. Springi zikalia.

Kwiii.

Kitu kidogo, baridi, kilichotiririka maji, kilipita ubavuni mwangu na kugusa mkono wa koti langu, kama mtoto anavyojishika kwa mtu mzima ili aruke dimbwi. Ngina akavuta pumzi ndefu, na miguu yake ikanyooka hadi mlangoni. Sikumwona aliyeshuka. Sikusikia nyayo. Niliufunga mlango, nikaendesha.

Mjukuu wangu alizaliwa katika hospitali ya Thika dakika ishirini baada ya kufika. Msichana. Alilia kabla hata hawajamkata kitovu, na sijawahi kusikia wimbo wa kumzidi.

*

Asubuhi nililipeleka gari kwa Swaleh. Sikumwomba afungue, nilimwomba wembe tu. Yeye alisimama mlangoni pa gereji, akinong'ona aya za kitabu chake, nami sikumtania. Nilikata uzi mwekundu. Ndani ya sponji palikuwa na sweta ya kijani, ya mtoto wa darasa la kwanza, imekunjwa vizuri kwa mikono iliyoijua. Sponji iliyoizunguka ilikuwa kavu kama unga.

Sweta ilikuwa inatiririka maji.

Niliipeleka Mwihoko. Ngendo aliipokea kwa mikono miwili, akaikamua mlangoni, akaianika kwenye kamba yake kama nguo yoyote ya mtoto aliyerudi kutoka shule amenyeshewa. Aliketi chini yake hadi ilipokauka. Kisha tukaenda pamoja tukaizika penye mvulana, na huko niliomba, na hakuna aliyeitikia ila mama yake.

Mbaluka nilimsimulia nilipokwenda kumlipa. Ndiyo, nililinunua gari lile kwa akiba yangu, kwa kuwa dhamiri yangu haikuniruhusu kuliacha limfikie mwingine. Alinisikiliza hadi mwisho, akihesabu vipuri vyake. Kisha, kwa mara ya kwanza, alinitazama machoni.

"Sawa, Mwinjilisti, huyo ameshuka," alisema. "Sasa ni nani yuko ndani?"

Ninawaandikia ninyi mlio watumishi, na ninyi mnaoleta funguo zenu uani mwa kanisa. Tumeonywa tusiwe wepesi wa kuweka mikono, tusije tukashiriki dhambi za wengine. Mnalichunguza gari, injini yake na namba zake, na kuuliza limepita mikono ya nani. Mfanye hivyo pia kwa maneno mnayopewa myaseme. Ulizeni kwanza. Mkiwa wakali, kuweni wakali hapo. Kisha huruma yenu mumbakizie mama anayechambua mboga, akiwangoja mje.

Pijo limesimama nyuma ya nyumba yangu, Ruiru, magurudumu yamezama katika nyasi. Sitaliuza. Kila jioni, taa zinapoanza kuwashwa, mimi hulifungua na kukaa kiti cha nyuma, upande wa kushoto, kama nilivyoahidi. Ni kiti kizuri. Huwa baridi kidogo mwanzoni. Siku hizi mkono mmoja wa koti langu haukauki vizuri, hata wakati wa kiangazi, nami nimeacha kumweleza mke wangu sababu.

Huomba humo, polepole, kwa ajili ya Ndung'u popote alipo, na kwa ajili ya msichana wa Ngina, ambaye sasa anatembea na ambaye sijamruhusu kulikaribia gari lile. Na kila ninapoufikia mwisho wa sala, kabla ya kusema Amina, mimi hunyamaza kidogo…

Nisikilize kwanza kama yupo wa kunitangulia.